Alama ndogo za PHQ-9 zina maana dhiki ndogo?

Swali: Mimi ni muuguzi, nasomea uzamili hapa Mombasa. Nina alama za PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), za wauguzi wa Kenya na wa Ujerumani, zilizokusanywa 2020 wakati wa Korona. Wastani wa Wakenya uko chini. Je, naweza kuandika kwamba imani na udugu wetu vilitukinga?

Jibu: Dada, usiandike hivyo bado. Dodoso lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Wastani hulinganishwa pale tu swali linapopimwa kwa mizani moja pande zote mbili. Muuguzi wetu aliyeelemewa atakwambia ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, kichwa kizito. Moyo na kichwa havimo kabisa katika PHQ-9. Tena swali la 9 linauliza habari za kujidhuru, na mwaka 2020 kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Yaelekea wengi walijibu 0 ili yaishe.

Kwa hiyo anza na usawa wa kipimo, yaani kuhakikisha dodoso linapima kitu kilekile kwa namna ileile pande zote mbili. Je, maswali yanajikusanya vilevile kwa makundi yote mawili? Kila swali lina uzito uleule? Wenye dhiki sawa wanatoa alama sawa? Hilo la tatu likikataa, tafuta swali linalopotosha, liache huru kila upande (lipimwe kivyake kwa kila kundi), kisha ulinganishe upya.

Imani nayo ina mtego wake. Brief COPE, dodoso la namna watu wanavyokabili shida, ina maswali 28, ya dini ni 2 tu. Aliyeomba kwa tumaini na aliyeomba akiamini Mungu anamwadhibu hutia alama palepale, na huyo wa pili ndiye ninayemhofia. Waulize waliomba *vipi*.

Na udugu? Machi 2020 misikiti na makanisa ya Kenya yalifungwa, na mwaka huohuo mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Sisi huzuni tunaitua matangani, na matanga ndiyo yaliyokatazwa. Hilo linaniuma hadi leo, maana nimewasikiliza wengi waliozika wazazi wao haraka haraka, bila majirani.

Tanzania nyumba za ibada ziliachwa wazi. Ukimpata aliyekusanya data za wauguzi wa Tanga miezi ileile, mlinganishe na Mombasa: lugha moja, pwani moja, ila masharti tofauti. Hapo swali lako la imani na udugu litapimika vizuri kuliko kwa Ujerumani.