Filamu inayokera: namna ya kuipangia kikao

Kuna filamu zilizotengenezwa ili mtazamaji asikae vizuri kitini. Hazina muziki wa kukuonyesha wapi pa kulia, hazimwadhibu mbaya mwishoni, na maswali zinayoyauliza huyaacha mikononi mwako. Wengi wanaozijaribu hapa Kisumu na kule Nakuru hujaziwa kwenye flashi dukani, huzianza usiku wakiwa wamechoka, peke yao, kwenye simu. Kufikia dakika ya ishirini wamezima na kusema hizi ni za Wazungu. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Filamu ya namna hii inataka chumba, muda na watu wa kuizungumza nao, na hayo yote yanapangika.

Anza na fupi. La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966, ina kama saa moja tu, na ni nyeusi na nyeupe. Diouana anaondoka Dakar kwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, akiamini anakwenda kulea watoto. Akifika anageuzwa mpishi, mfuaji na mpiga deki. Kinachokera ni mambo madogo ya mezani: mgeni anainuka na kumbusu kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, na wenzake wanaona ni burudani. Mwenye nyumba wa Milimani, mtaa wa wenye nazo hapa Kisumu, aliye na msichana wa kazi jikoni, na mama wa mtaa wa Kondele ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Saudia, wote wanatazama jambo wanalolijua, kila mmoja kutoka upande wake. Hapo ndipo kera inapofanya kazi. Inakusimamisha mbele ya kitu ambacho kila siku unakipita mbio, na haikupatii mtu wa kumtupia lawama ili urudi nyumbani ukiwa msafi.

Filamu hiyo ina mtu anayejiua. Hilo lisemwe kwenye mwaliko, si mlangoni. Wapo wanaodhani kusema mapema kunaharibu utamu, lakini filamu nzuri za aina hii hazitegemei kumshtua mtu. Uzito wake unabaki hata ukijua kinachokuja. Taja aina ya ukatili na karibu dakika ya ngapi. Nakuru tunasisitiza zaidi. The Act of Killing ya Joshua Oppenheimer, ya mwaka 2012, ina wauaji wa mauaji ya halaiki ya Indonesia ya 1965 na 1966 wakiigiza wenyewe namna walivyoua. Mtu aliyefukuzwa kwake Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, ana haki ya kuamua akiwa nyumbani kama anataka kuiona, si akiwa amebanwa katikati ya safu. Acha viti viwili vitatu wazi karibu na mlango, na tangaza mwanzoni kwamba anayetoka hatoi maelezo, na anayerudi vilevile.

Sasa chumba, maana hapa ndipo vikao vingi huvunjikia. Jua la Kisumu huzama kabla ya saa moja jioni, kwa hiyo kuanza saa moja na nusu kunakuondolea mapazia mazito yanayofungia joto ndani. Epuka ukumbi wa mabati matupu. Mvua za jioni za upande huu wa ziwa zikianza, filamu yenye ukimya mwingi haisikiki tena, na ukimya ndio nusu ya kazi yake. Tafuta jengo lenye dari au zege juu. Projekta yenye nguvu ya mwanga ya lumeni 2,500 hadi 3,000 inatosha picha ya upana wa mita 2 hadi 3 chumba kikiwa giza. Ukuta wa rangi nyeupe isiyong'aa unashinda shuka, kwa kuwa shuka hupitisha mwanga na feni huitikisa. Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo walio nyuma hawatayaona maandishi ya tafsiri. Usitegemee spika iliyo ndani ya projekta. Weka mbili za nje, moja kila upande wa picha.

Maandishi yenyewe yajaribiwe siku moja kabla. Faili ya maandishi hayo, ile ya .srt, ibebe jina lilelile la filamu na ikae kwenye folda moja nayo. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows, bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha. Angalia dakika kumi za mwanzo, kisha kumi za mwisho. Yakianza sawa na kuteleza kadiri filamu inavyosonga, faili hiyo ilitengenezewa toleo jingine na kubonyeza hakutasaidia, tafuta nyingine. Izuie kompyuta kulala. Na kuhusu stima, kubalianeni mapema: ikipotea mnasubiri dakika 15 gizani, mkikosa mnaahirisha. Kumalizia kwenye simu ya mtu mmoja ni kuipoteza filamu. Jenereta, kama ipo, iwe nyuma ya jengo kwa waya wa mita 20 au zaidi.

Watu 6 hadi 12 wanatosha. Wakizidi, wenye sauti kubwa hutawala na wengine hugeuka hadhira yao. Filamu ikiisha usiwashe taa papo hapo. Acha majina yapite, kisha dakika tano bila mazungumzo. Swali la kwanza lisiwe "mmeonaje?" kwa sababu litaleta "nzuri" na "mbaya" tu. Uliza: ni wapi uliangalia pembeni? Kila mtu ana jibu, msomi na asiye msomi, na jibu linaanzia kwenye picha yenyewe. Hitilafu ya kawaida ni mwenyekiti kuanza mhadhara. Nyingine ni kumkemea aliyecheka kwenye tukio zito. Kicheko hicho mara nyingi ni mwili kutafuta pa kutokea. Kiweke akilini, kisha uulize baadaye kilitoka wapi.

Kuchosha pia ni kera. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, ina dakika 201 za mama wa nyumbani akipika, akitandika, akimenya viazi, kamera ikiwa imetulia tu. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na chumba kizima hushtuka kwa sufuria ya viazi. Ionyeshe mchana wa Jumapili na pumziko moja la chai, wala usiilete kwa wanaoanza.

Si kila kinachochokoza kinastahili jioni yako. Jiulize tukio baya likiondolewa filamu itapoteza nini, na kamera imekaa na nani: anayeumia, au anayefurahia kumwona akiumia? Zisizopita hapo tunaziacha. Onyesho linaloalika umma linahitaji pia ruhusa ya mwenye haki, na filamu iliyoainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya kwa alama ya GE (watu wote), PG (mtoto kwa mwongozo wa mzazi), 16 au 18 (umri wa chini wa mtazamaji). Ile ya 18 isiingiwe na mtoto hata akiwa na mzazi.

Kikundi kikishazoea, Kisumu ina filamu yake hasa, ingawa ilipigwa Mwanza, Tanzania, upande wa pili wa Ziwa Victoria: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Ni ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hilo, ambaye Mwanza wanamwita sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vinabaki kwa wenyeji vikiwa na mabuu. Jakaya Kikwete, rais wa Tanzania wakati huo, aliilaani mwaka 2006. Inadokeza kwamba ndege hizo huja na silaha, lakini haionyeshi silaha zikishushwa Mwanza. Inategemea maneno ya watu, likiwemo la rubani anayekiri kupeleka vifaru Angola. Wape watazamaji karatasi yenye safu mbili, walichokiona na walichoongozwa kukidhani, waijaze filamu ikiisha kabla ya yeyote kusema.

Tena hakuna wanaofaa kuipima kuliko watu wa hapa. Mtazamaji wa Ulaya huona mifupa ile kama takataka. Huku Obunga, mtaa wa Kisumu, mifupa hiyo inaitwa mgongo wazi, inakaangwa, inauzwa, inalisha nyumba na kulipa karo. Hilo haliifanyi filamu kuwa ya uongo, maana kuna sababu nyama imeondoka ukabaki mgongo. Mwalike mama anayeifanya biashara hiyo, mlipie nauli, na aseme wa kwanza bila kukatizwa. Kisha rudisheni filamu kwenye tukio la vichwa vya samaki, mlitazame tena pamoja naye.