Mabasi yako wapi? Na maswali mengine ya mwendokasi

Wiki hii karibu barua zote ni za mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye barabara yake peke yake, mpaka msomaji aliyeahidiwa jibu la mita za umeme itabidi anivumilie. Nimechukua tatu.

*Mhariri salaam, mimi ni mama ntilie wa Mbagala Rangi Tatu. Barabara ya zege ilikamilika tukawa tunaiangalia tu, bodaboda wanajipitia. Kimara walijengewa wakapanda, sisi mabasi yamekuja 2025. Kwa nini wasingeruhusu daladala zipite humo wakati tunasubiri?*

Salaam mama. Hapo kuna maswali mawili, naanza na la daladala maana ndo rahisi. Siku ukipanda mwendokasi hebu angalia mlango uko upande gani. Daladala mlango uko kushoto, unashukia pembeni ya barabara, ila vituo vya mwendokasi viko katikati kwa hiyo basi linafunguka kulia, na sakafu yake iko juu usawa wa kituo, ndo maana mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Sasa Coaster ikisimama pale abiria atatokea wapi, kwa dereva? Unaweza kuilazimisha ipite tu bila kusimama, lakini hapo hujamsaidia mtu wa katikati ya njia.

Hilo la kuchelewa sasa. Watu wengi tunadhani mwendokasi ni barabara, serikali ikishamwaga zege basi kazi imeisha. Kumbe barabara na mabasi ni mifuko miwili tofauti kabisa. Zege, vituo na stendi ni pesa ya mkopo, awamu ya kwanza, ile ya Kimara, Benki ya Dunia, ya kwenu Mbagala Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwemo. Mkandarasi anapewa mkataba, anajenga, anaondoka zake. Mabasi hayamo kwenye huo mkopo, yanatakiwa yaletwe na mwekezaji binafsi anayeshindanishwa, na mwekezaji naye kabla hajaweka mabilioni anataka kujua nauli itapangwa na nani, abiria wakipungua hasara ni ya nani, daladala zitaondolewa kwenye hiyo njia au atagombania nazo abiria. Mazungumzo hayo yanakula miaka, na zege linapigwa jua.

Na Kimara msiwaonee wivu sana mama. Ile njia ya kilomita 21.1 ilianza kubeba watu Mei 2016 na mtoa huduma wa mpito, mabasi 140, wakati hesabu ya awamu ile ilikuwa mabasi 305. Yaani chini ya nusu! Mwanzoni raha tupu, mtu aliyezoea kukaa masaa mawili kwenye foleni anafika Posta kwa dakika arobaini na kitu, 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Ila mabasi yakaanza kuzeeka na mengine hayakuja kwa wakati, watu wanaongezeka, ndo ukaanza ule mbanano unaousikia, mtu anaingilia dirishani. Kwa hiyo nyie wa Gongo la Mboto na Tegeta, mkisikia barabara imefika asilimia kadhaa msishangilie bado, ulizeni mkataba wa mabasi umesainiwa? Mangapi? Gereji yake iko wapi?

*Kaka, nani alitoa wazo la kuweka gereji ya mabasi Jangwani kwenye mafuriko? Kila masika ni aibu.*

Umenikumbusha gereji kweli. Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, maji yanatoka milima ya Pugu huko yanashuka yote mpaka daraja la Salenda, na kadiri watu wanavyojenga juu ndo yanavyokuja kwa kasi na tope lake, mto unajaa mchanga kitanda kinapanda. Uwanja ulikuwa mkubwa, karibu na mjini, na ukitazama kiangazi unapendeza kabisa. Lakini jina lenyewe la Bonde la Msimbazi lilitosha kuwa onyo, hapo sina utetezi. Na mafuriko hayaumizi gereji tu, yanakata barabara, basi la Kimara linaishia Magomeni na njia yote inakufa. Dawa ni daraja refu la mita 390 kwenye mradi wa bonde lote, sio kuinua tuta kidogo kidogo kama tulivyozoea.

*Natokea Mbezi, nataka Gerezani, kila siku najikuta Kivukoni. Nakosea wapi?*

Unapanda kwa kukimbilia mdogo wangu! Ukisikia "Mjini! Mjini!" usiruke tu, zote zinaenda mjini. Soma kibao cha mbele. Zinaachana kituo cha Fire, ya Gerezani inakata kulia kuingia mtaa wa Msimbazi, ya Kivukoni inanyoosha kwenda DIT na Kisutu. Ukishagundua umekosea shuka Fire na ubaki ndani ya kituo, ukitoka tu getini unaanza tiketi upya.