Ada ya Bima Nalipa Kila Mwaka: Je, Shamba Langu Limekingwa?

SWALI: Nilikata bima ya shamba miaka sita iliyopita, nikiwa na ng'ombe 12 na banda moja. Leo ninao 31, nimejenga ghala la majani makavu ubavuni mwa banda, na nimenunua trekta ambalo msimu wa kulima nalikodisha kwa majirani. Trekta nililiingiza kwenye bima siku niliyolinunua, mengine bado. Sijawahi kuchelewesha ada. Wakala wangu anasema nisihangaike, nihuishe tu kama kawaida. Je, nivunje mkataba nianze upya, au nisubiri tarehe ya kuhuisha?

JIBU: Usivunje, na usisubiri. Iandikie kampuni leo, taja kila kilichoongezeka na kila kilichobadilika, uombe nyongeza ya mkataba. Kwa kawaida utadaiwa ada ya ziada ya miezi iliyobaki tu. Mpaka utakapoishika nyongeza hiyo kwa maandishi, hesabu kwamba ng'ombe 19 hawana bima.

Linaloniuma zaidi ni hilo neno "kama kawaida". Nalisikia kila wiki, na limewaumiza wafugaji wengi kuliko moto wenyewe. Risiti ya ada inathibitisha jambo moja tu: mkataba uko hai. Unakinga nini, risiti haisemi. Niliwahi kusimama kwenye banda lililoungua, pembeni yangu mfugaji ameshika bahasha ya risiti zake, zimepangwa mwaka kwa mwaka, hakuna iliyopungua. Mtathmini akaomba hereni za ng'ombe waliokufa. Tukazitoa majivuni, hereni saba za chuma, tukazifuta kwa kitambaa mpaka namba zikasomeka. Zilizokuwemo kwenye orodha ya mkataba ni mbili. Wale watano walizaliwa na kukulia pale pale, akawalipia ada moyoni mwake, siyo kwenye karatasi.

Majengo nayo yana mtego wake. Mikataba mingi ya mali ina kanuni ya wastani, na sijui kwa nini mawakala hawaielezi. Chukua banda ambalo kulijenga upya leo kunagharimu 100, lakini kwenye mkataba bado limeandikwa 40, bei ya zamani. Moto ukila robo yake, hasara ni 25. Mwenye banda husema, "25 haijafika 40, nitalipwa yote." Halipwi yote. Amekinga sehemu mbili kwa tano za thamani, kwa hiyo anapata sehemu mbili kwa tano za hasara, yaani 10. Zile 15 ni zake, na mara nyingi hata hiyo 10 hukatwa kiasi cha kwanza ambacho mkataba humwachia mwenye mali. Kuandika 150 nako hakusaidii, maana fidia haizidi hasara. Utakuwa umelipa ada ya bure.

Kwako kuna mawili ya haraka kuliko idadi ya ng'ombe. Majani yakihifadhiwa na unyevu huchemka yenyewe mpaka yakawaka, na ghala lako linagusa banda. Kampuni lazima ijue. Trekta la kukodisha ni biashara, ilhali mkataba wa trekta la shamba mara nyingi huruhusu kazi za mwenyewe tu. Likipinduka kwa jirani, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa akilimiwa.

Jihadharini pia na wale wanaowashawishi: "Tuandike thamani ndogo, ada ishuke, nani atajua?" Atajua mtathmini, siku ambayo huna tena cha kurekebisha. Bima husimama juu ya ukweli wa anayekingwa, na ukificha jambo zito kampuni inaweza kupunguza fidia au kukataa dai zima. Wakala aliyekushauri hatakuwepo, na sahihi pale chini ni yako. Anayekuhuishia bima bila kukuuliza hata ndama wamezaliwa wangapi, hakukatii bima, anakusanya ada.

Peleka barua hiyo na orodha ya namba za hereni na picha za ghala, udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Trekta lisitoke tena kwenda kwa jirani mpaka kampuni ijibu kwa maandishi.