Mwembe wa jirani, maji ya bati na moshi wa jioni

Barua za mwezi huu karibu zote zimeandikwa kutoka upande mmoja wa ukuta. Tumejibu tukikumbuka kwamba upande wa pili naye yupo, na huenda anasoma.

Jirani yangu ana mwembe mkubwa karibu na ukuta. Matawi yamevuka, yamelala juu ya bati langu. Majani yanaziba gata, na msimu wa embe zinadondoka usiku kama mtu anarusha mawe. Ni mzee, rika la baba yangu, na alihamia hapa kabla yetu. Mwaka jana nilimgusia, akacheka: "Kwani embe huli?" Nataka nimlete kibarua akate siku mzee akisafiri. Nina haki? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Haki unayo, ila ni ndogo kuliko unavyodhani. Kwa kanuni ya zamani tuliyorithi katika sheria za Kiingereza, tawi lililovuka mpaka unaweza kulikata hadi pale mpaka ulipo. Huruhusiwi kuingia kwake kulifuata, na matunda na kuni hubaki mali ya mwenye mti. Halmashauri nyingine zina sheria ndogo kuhusu kukata miti, kwa hiyo muulize mtendaji wa mtaa kabla panga halijanolewa. Hilo la kusubiri asafiri lifute kabisa. Akirudi akakuta mwembe umenyolewa upande mmoja, utakuwa umejitafutia kesi ya miaka kwa ajili ya matawi matatu.

Sasa turudi kwenye kicheko chake. Hakukataa. Ulimpelekea lawama isiyo na kazi ndani yake, naye akaijibu kwa utani, kama wazee wanavyofanya. Safari hii peleka kazi iliyokwisha kupangwa.

Anza kwa kuhesabu. Simama uani kwako uone ni matawi mangapi hasa yanayogusa bati au kuning'inia juu ya gata. Mara nyingi ni mawili au matatu, ingawa ukiwa na hasira unaona mti mzima. Kisha chagua mwezi. Dar es Salaam miembe mingi hutoa maua kati ya Juni na Agosti, na embe huiva kwa wingi Novemba hadi Januari. Ukiomba kukata Julai, unamwomba akupe embe zake zikiwa bado maua. Ukingoja Aprili, masika yamekolea, jeraha la mti halikauki na shina ni la utelezi kwa anayepanda. Mwezi unaofaa ni Februari, embe zimekwisha na mvua kubwa bado.

Nenda mwenyewe, usimtume kijana, wala usiandike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nenda asubuhi au alasiri, asiwe na wageni. Piga hodi, kaa ukikaribishwa, na habari za nyumbani zikiisha sema hivi:

"Baba, nimekuja kwa ajili ya ule mwembe. Kuna matawi matatu yamefika kwenye bati langu. Mengine sina neno nayo. Naomba tuyapunguze embe zikiisha, mwezi wa pili. Fundi nitamleta mimi na kumlipa mimi, ila naomba wewe ndiye umwonyeshe pa kukata. Kuni ni zako."

Idadi inamwondolea hofu kwamba unautaka mti wote. Mwezi unamwonyesha kwamba embe zake umezifikiria. Kumwomba aonyeshe pa kukata kunamwacha akiwa mwenye mti. Na kuni ni zake kwa vyovyote, lakini ukizitaja wewe kwanza hakuna atakayesema jirani alitamani mkaa.

Siku ya kukata ndipo mambo huharibika. Kibarua hupanda na panga, akakata tawi nene kwa juu mara moja. Likifika nusu linavunjika kwa uzito wake, linachuna gome la shina hadi chini, kisha linatua juu ya bati lilelile ulilotaka kuliokoa. Tawi linalozidi unene wa mkono likatwe kwa msumeno, mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sm 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Pili kwa juu, sm 5 hivi mbele zaidi ya pale, mpaka tawi lianguke. Mwisho kile kisiki kilichobaki kikatwe karibu na shina, nje kidogo ya ule uvimbe wa maungio. Usikate uvimbe wenyewe, kwa sababu gome jipya la kufunika kidonda huanzia hapo. Wala usiache kisiki kirefu, kitaoza na kuingiza mchwa. Tawi lililo juu ya bati lifungwe kwanza kwa kamba ya manila iliyopitishwa kwenye tawi la juu yake, mtu wa chini aishike, ateremshe polepole.

Fundi avae shati la mikono mirefu. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi, na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, hawana mazungumzo. Kama tawi liko karibu na waya wa umeme, msiliguse, itaarifuni TANESCO. Na msipunguze zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja. Mwembe ulionyolewa sana hutoa machipukizi marefu yaliyosimama wima na kupungukiwa matunda msimu unaofuata, na hapo mzee atakuwa na sababu ya kweli ya kununa.

Kirikuu ya kubebea majani iagizwe kabla msumeno haujaanza. Matawi yakilala uani kwake wiki nzima, yale maneno mazuri ya asubuhi ile yatakuwa yamekwenda bure.

Akikataa katakata, subiri kidogo, kisha mwombe mjumbe wa shina (balozi wa nyumba kumi) au mtu mzima anayemheshimu akusindikize. Mwenyekiti wa mtaa ni hatua ya baada ya hapo. Wakati huo tandaza wavu wa kuku juu ya gata na usafishe kabla ya vuli na kabla ya masika. Hiyo kazi utaifanya hata mwembe ukiondoka.

Mimi ndiye ninayelalamikiwa. Nyumba yangu iko karibu sana na mpaka, na mvua ikinyesha maji ya bati yanaangukia kwa jirani. Anasema yanachimba msingi wake. Mimi naona ni maji ya Mungu tu. (Msomaji, Kimara)

Ya Mungu ni yale yanayoanguka popote. Haya umeyakusanya kwa bati lako na kuyamwaga mahali pamoja, na jirani yako yuko sahihi.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kama upande huo wa paa una mita za mraba 60, mvua ya mm 40 inampelekea jirani lita 2,400, sawa na mapipa 12 ya lita 200, yakimwagwa kwenye mstari mmoja wa udongo kando ya ukuta wake. Kimara kuna miinuko, kwa hiyo maji hayatuami. Yanashuka na mchanga.

Funga gata upande wote huo. Mteremko uwe angalau sm 1 kwa kila mita 3 kuelekea bomba la kushukia, vibanio visipishane zaidi ya sm 90, na kwa paa la ukubwa huo bomba moja la inchi 3 au 4 linatosha likiwekwa wavu mdomoni. Kosa la mafundi wengi ni kufunga gata likiwa limenyooka kabisa ili lipendeze kwa macho. Maji yanasimama, majani yanaoza humo, mbu wanazaliana, na mvua kubwa inamwagikia kwa jirani kama zamani.

Peleka maji kwenye tangi la lita 2,000 kama uwezo upo. Yanayozidi yaende kwenye mfereji wa mtaa, au kwenye shimo la kunyonya. Shimo la mita 1.2 kwa 1.2 na kina cha mita 1.5, likijazwa mawe, linashika takriban lita 800 tu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya nafasi ni mawe yenyewe. Kabla ya kuchimba, jaribu udongo: chimba kishimo cha sm 30, kijaze maji, yaache yaishe, jaza tena. Kama ndani ya saa moja maji hayajashuka hata sm 2.5, huo ni mfinyanzi, na shimo litageuka bwawa. Liwe mita 3 au zaidi kutoka msingi wowote, wa kwake ukiwamo, na mbali na karo la choo. Kabla ya shimo jenga kisanduku kidogo cha matofali cha kunasa mchanga, la sivyo masika mawili yatalijaza tope.

Kwa jirani, usiende kusema "nimekusikia" halafu mwezi upite. Mpe tarehe ya fundi. Na kama ukuta wake umerukiwa na tope hadi magotini, kopo la chokaa na brashi ni gharama ndogo sana kuliko ule mdomo uliokwisha kuupata mtaani.

Jirani anachoma majani kila jioni. Nguo tunafua mara mbili, na mtoto wangu ana pumu. Nimwambieje bila kugombana? (Msomaji, Morogoro)

Mwambie habari ya mtoto, usimwambie habari ya nguo. Nguo zinaonekana ni kujisikia. Pumu haina ubishi. "Jirani, mtoto wangu ana pumu na moshi wa jioni unambana. Hayo majani naomba uniachie mimi." Sentensi ya pili ndiyo inayofanya kazi. Anachoma kwa sababu majani hayana pa kwenda, hasa pale gari la taka linapochelewa.

Jioni ni saa mbaya kuliko zote kwa moto, kwa sababu hewa ya chini hupoa, na moshi badala ya kupanda unatambaa kuingia madirishani. Ikishindikana kuacha kabisa, angalau kusiwe na plastiki ndani ya moto, na iwe mchana penye upepo usioelekea kwako.

Majani ukishayapata, tengeneza mboji: lundo la mita 1 kwa 1 kwa 1, sehemu tatu za majani makavu kwa moja ya majani mabichi au maganda ya jikoni. Majani ya mwembe ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza au yatakaa mwaka. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kila wiki mbili. Likinuka, umezidisha mabichi au maji, ongeza makavu na uligeuze. Usipofanya hivyo upesi, wa kulalamikiwa utakuwa wewe. Baada ya miezi mitatu au minne mpelekee kiroba kimoja kwa ajili ya mchicha wake.

Jirani amepanda ua wa michongoma hatua nzima ndani ya kiwanja changu. Nifyeke? (Msomaji, Moshi)

Usifyeke, na bikoni, ile alama ya mpaka iliyowekwa na mpima ardhi, usiiguse. Kuing'oa au kuisogeza ni kosa la jinai, hata kama unaamini iko mahali pabaya. Neno "umeniibia" nalo liweke mfukoni. Sema, "Jirani, naona mimi na wewe hatuna hakika na mpaka. Tutafute bikoni." Watu wengi hupanda ua kwa kukadiria, na mtu aliyekadiria vibaya anahitaji njia ya kurudi nyuma bila aibu.

Mkutane nyote wawili, na mjumbe. Bikoni nyingi zimefukiwa na udongo, kwa hiyo chimba taratibu kwa jembe dogo kuzunguka pale ramani ya kiwanja inapoonyesha. Mkizipata mbili, vuteni kamba kutoka moja hadi nyingine, na kamba iseme yenyewe. Msipozipata, mpima ardhi aliyesajiliwa azifufue. Gharama mkigawana nusu kwa nusu, hakuna atakayesema mpima alikuwa wa upande fulani.

Upole usiwe wa kunyamaza, lakini. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na michongoma haina haraka. Mkishindwana, kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mkielewana, ua mpya upandwe walau sm 60 ndani ya mpaka wa anayeupanda, maana michongoma hunenepa na mtu anahitaji kuupogoa pande zote akiwa kwake. Andikeni makubaliano nakala tatu, ya tatu ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, na pigeni picha ya kamba ikiwa bado imevutwa, bikoni zote mbili zikionekana.