Re: Baiskeli Barabara ya Mandela, nibane pembeni au niingie njiani?

Mkuu, umeuliza kama ni salama zaidi kubana ukingoni kabisa kutoka Buguruni hadi Ubungo, hapa Dar es Salaam. Hapana. Ukibana sana, daladala inakupita ikikaribia kukukwangua kiwiko, kisha inakukatia kushoto kushusha abiria. Acha kama mita moja kutoka ukingoni, wenye magari wakuhesabu kama chombo cha usafiri. Hata mchanga na mashimo ya pembeni utayakwepa.

Kwa daladala, mtazame konda. Akining'inia mlangoni na kugonga bodi, jua gari linasimama sasa hivi, indiketa usiisubiri.

Ila cha kuogopa hasa ni malori ya bandarini. Kwenye mataa usijipenyeze kushoto kwa semitrela (lori la kichwa na tela) hata kama nafasi ipo: likikata kona, tela halifuati njia ya kichwa, linakuja ndani, na dereva hakuoni. Kama huoni uso wake kwenye kioo, naye hakuoni. Baki nyuma, hata kama utavuta moshi wake.

Usiku weka taa nyekundu nyuma. Riflekta peke yake haitoshi, maana bila mwanga wa gari haiwaki. Njia ya mwendokasi (ya mabasi yaendayo haraka) ukikutana nayo, usiiguse.