Kabla hujaicheka AMV ya 2003: kwa wadogo zangu mnaoanza kuediti Dodoma

Vijana wanaokuja kujifunza kuediti siku hizi, wengi wao wanafunzi wa UDOM na vyuo vingine vya hapa mjini, hufika na simu yenye CapCut, folda imejaa klipu za anime, katuni za Kijapani, na swali lile lile: "Kaka, hii sheki inawekwaje?" Sheki, ile efekti ya kuitikisa picha, ni somo la dakika tano. Kazi huanza pale ninapowafungulia AMV ya mwaka 2003, yaani video ya wimbo ambayo shabiki aliitengeneza kwa vipande vya anime, na kuwauliza wanaona nini. Wanacheka. Picha ina ukungu, imebanwa kwenye umbo la televisheni ya chogo, maneno ya wimbo yanapita chini kwa herufi za njano, na mhusika analia sekunde sita nzima bila kukatwa. "Bro, hii imezeeka."

Imezeeka kweli, sibishi. Ila video huzeeka kwa namna nyingi, na anayeanza asipozitofautisha atajikuta anatupa hata zana ambazo angezitumia kesho asubuhi. Mimi mkate wangu ni video za harusi na sendofu, lakini mkono niliufundishia kwenye AMV. Kwa hiyo haya ni ya mtu wa kazi, si ya mwanahistoria.

Anza na kifaa. AMV inayotajwa zaidi kuwa ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1982 na Jim Kaposztas, kwa deki mbili za video zilizounganishwa. Alichukua vipande vya vita na milipuko vya anime ya Star Blazers, akavilaza juu ya wimbo wa mapenzi wa The Beatles. Hakuna efekti hata moja humo, utani wote umo kwenye kuchagua. Sasa piga picha kazi yenyewe: deki moja inacheza, nyingine inarekodi. Unasubiri neno la wimbo, unabonyeza, unasimamisha, unarudisha mkanda, unatafuta kipande kinachofuata. Hakuna kitufe cha kurudi hatua moja nyuma. Na kila mkanda ulipotolewa nakala, rangi ilififia na mistari ikalegea. Mtu wa namna hiyo hakati ovyo. Kipande akikiweka, anakiacha kikae, maana kukitoa ni kuanza upya. Huo mwendo tunaouona mzito leo ulitokana na bei ya mkato mmoja, na faida yake ni kwamba karibu kila mkato una sababu unayoweza kuitaja. Jaribu kutaja sababu za mikato yako ya jana usiku.

Kompyuta zikaja, bei ya mkato ikaporomoka. Mwaka 2000 Windows Me ilitoka na programu ya kuediti, Movie Maker, ndani yake, na mwaka huo huo tovuti ya AnimeMusicVideos.org ikaanza kuwakusanya watengenezaji wa AMV. DVD zikatoa picha safi kuliko mkanda. Ghafla mtu ana transisheni kibao za bure, na kama ilivyo kawaida ya binadamu, akazitumia zote kwenye wimbo mmoja. Anayetaka kuuona ugonjwa huo bila kwenda Japani wala Marekani aombe DVD ya harusi ya miaka ile kwa shangazi yake: ukurasa unajikunja, mioyo inapaa, bibi harusi anachomoza katikati ya ua waridi, kisha yeye na bwana harusi wanazunguka ndani ya mchemraba. Siku ilipotoka, ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Efekti ni moto wa mabua. Mtazamaji wa kwanza anashangazwa na kile programu inachoweza kufanya, na programu ikishafika kwenye simu ya kila mtu, mshangao umekwisha. Mng'ao wa miaka ya 2000 ulikwenda hivyo. Maneno yanayoruka yalikwenda hivyo. Sheki, ule mwendo wa kukimbia halafu kuganda, na templeti ya CapCut uliyoikuta wiki iliyopita viko kwenye foleni hiyo hiyo. Sisemi usivitumie. Mteja akivitaka, mpe. Usijenge jina lako juu yake, basi.

Kuna uzee mwingine ambao mtengenezaji hahusiki nao kabisa. Anime nyingi za televisheni kabla ya katikati ya miaka ya 2000 zilichorwa kwa umbo la 4:3, kwa hiyo kwenye simu uliyoisimamisha wima zinabaki kipande kidogo katikati ya weusi. DVD ya Marekani ilibeba picha ya 720 kwa 480. Faili likatolewa humo, likaminywa kwa XviD, programu ya kupunguza ukubwa wa video, ili lipite kwenye intaneti ya polepole, kisha likapandishwa YouTube, nayo ikaliminya tena. YouTube ilianza 2005 na picha ndogo sana, 720p ikaja 2008 na 1080p 2009. Ukungu unaouona ni makovu ya safari hiyo. Aliyetengeneza aliona picha kali kuliko unayoiona wewe.

Kisha wimbo. Mwaka 2005 lebo ya Wind-up Records, ambayo bendi ya Evanescence ilikuwa chini yake, ilitaka video zenye nyimbo za wasanii wake ziondolewe AnimeMusicVideos.org, na video nyingi zikashushwa kwa mkupuo. Mwaka 2007 YouTube ikaanzisha mfumo wa Content ID unaoutambua wimbo wenyewe kwa wenyewe, na kazi nyingine zikazuiwa au kunyamazishwa. AMV isiyo na sauti ni picha zinazorukaruka tu. Ukiikuta moja imekaa kimya, usimhukumu mtu kwa hiyo.

Na yupo mtazamaji. Shabiki wa zamani aliyeitazama Evangelion, anime ya mwaka 1995, akiona kiganja kinafumba na kufumbuka alijua nani, wapi na kwa nini. Mtengenezaji alikuwa anakopa uchungu ambao tayari umo ndani ya mtazamaji. Kijana aliyeanzia anime ya juzi kama Jujutsu Kaisen anaona kiganja tu. Huu uzee hauna dawa, na utaupata na wewe. Kinachoweza kufanyika ni kujiuliza, kabla hujaweka klipu: asiyeijua hii anime atapata nini hapa? Mimi huwatafuta watu wa nyumbani wasiotazama katuni. Mama wa chakula jirani na studio ndiye mkaguzi wangu mkali kuliko wote, akiniuliza "huyu mtoto analilia nini?", najua kipande kimebeba kitu.

Sasa tuje kwenye kuiba ufundi, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Tafuta AMV ya zamani ambayo mwimbaji wake ni mhusika wa anime, mdomo wake ukienda sawa na maneno. Kwenye anime ya kawaida ya televisheni mdomo unaoongea huchorwa kwa hali chache tu: umefungwa, umefunguka nusu, uko wazi. Wakongwe walizitoa picha hizo moja moja, wakazipanga upya silabi kwa silabi juu ya wimbo. Hakuna templeti ya kazi hiyo. Ifanye kwa wimbo wa Kiswahili, utaona raha yake, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu, hivyo mdomo una pa kufunguka kila mara. Chukua mwimbaji anayesema "mapenzi". Kwenye m mdomo umefungwa, a uko wazi kabisa, p umefungwa tena, e nusu, zi nusu na unakaribia kufunga. Ukizikosa zile sehemu mbili za kufunga, m na p, mtazamaji atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukueleza. Ukizipata hizo, nyingine anakusamehe. Ujuzi huo ndio unaoniokoa mteja anapoleta video ya mchungaji ambayo sauti yake ilirekodiwa kwenye simu nyingine.

Jambo la pili ni kukata kwa kasi ya wimbo, na hapa wengi wenu mnajimaliza kwa sababu mnaweka anime juu ya singeli. Wazo ni zuri sana, nalipenda. Lakini piga hesabu kwanza. Singeli ya biti 200 kwa dakika inagonga kila baada ya sekunde 0.3. Anime inatembea fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, kwa hiyo kati ya biti na biti kuna fremu 7.2. Mchoraji naye mara nyingi hachori fremu zote 24. Mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Ukikata kila biti, mtazamaji anapewa michoro miwili mitatu halafu ananyang'anywa. Jicho linachoka kabla ya kiitikio. Kata kila biti ya nne: hapo una fremu 28.8, zaidi kidogo ya sekunde moja, ngumi inarushwa na kufika. Zile biti tatu za katikati ziachie mwendo ulio ndani ya picha yenyewe: mguu unaotua, mlango unaofungwa, jicho linalopepesa. AMV nyingi nzuri za zamani zilifanya hivyo kwenye roki ya Linkin Park, ngoma ikigongwa na teke lililochorwa huku hakuna mkato wowote. Na mkato ukiwepo, usogeze fremu moja au mbili kabla ya biti. Ukiuweka juu yake kabisa, mara nyingi huonekana umechelewa.

Michoro hiyo hiyo 8 au 12 ndiyo inayoharibu mwendo pole wenu, ile slow motion. Programu ya kulainisha mwendo inabuni picha za katikati. Kwenye video ya bibi harusi iliyopigwa kwa fremu 60 hakuna shida. Kwenye anime, kati ya mchoro na mchoro mkono umeruka mbali, na programu inaubunia njia: vidole vinayeyuka, upanga unapinda. Chagua klipu ambayo kamera ndiyo inayotembea juu ya mandhari, au nywele zinapepea taratibu. Mapigano yaache yaende kwa mwendo wake.

Kuhusu kuzichukua AMV za watu, kuzikuza kwa akili bandia, kuzikata wima na kuzipandisha TikTok kwa jina lako: acha. Huko kukuza kwenyewe kunaifanya mistari ya mchoro iwe laini kama plastiki. Na kumbuka kwamba hata AMV yako mwenyewe imejengwa kwa anime na wimbo wa wengine, kwa hiyo usiiuze. Hakimiliki ina sheria yake Tanzania tangu 1999, isome siku ukitulia.

Zoezi la kwanza ninalotoa ni hili. Chagua AMV ya kabla ya 2006, chukua sekunde 30, hesabu mikato, andika kila mkato umeangukia nini: neno, ngoma, pumzi ya mwimbaji. Kisha tengeneza zako 30 kwa klipu zako ukifuata ramani ile ile, bila efekti yoyote. Ukimaliza, tuonyeshe. Mficha uchi hazai, na hapa hakuna atakayekucheka zaidi ya ulivyoicheka ile ya 2003.

Halafu itunze. Movie Maker iliondolewa na Microsoft mwaka 2017, na mafaili ya miradi yake yamebaki mikononi mwa watu bila programu ya kuyafungua. Kwa hiyo faili la mradi peke yake halitoshi. Toa nakala moja ya ubora wa juu kuliko unayoipandisha mtandaoni, uiweke kwenye diski ya nje pamoja na klipu, wimbo na fonti ulizotumia. Flashi ya kwenye mnyororo wa funguo si ghala. Vumbi la Dodoma linaingia hadi kwenye begi lililofungwa, na umeme ukikatika wakati wa kunakili unaweza kubaki na faili lisilofunguka, basi nakili mahali pawili na ujaribu kuzifungua zote mbili kabla hujafuta kwenye simu. Ndani ya folda weka na faili dogo la maandishi: jina la anime, kipindi cha ngapi, dakika ya ngapi kwa kila klipu, jina la wimbo na msanii, programu na toleo lake, tarehe. Nalidai faili hilo kwa kila anayejifunza kwangu, na wanalichukia kuliko kazi nyingine yoyote.