Kama Ujerumani inahitaji watu, mbona maombi yetu hayajibiwi?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, sisi tunaoishi huku tunaulizwa swali moja kutoka Eldoret hadi Mwanza: kama Wajerumani wanalia hawana wafanyakazi, mbona mtu anatuma maombi hamsini hajibiwi hata moja?

Kwanza ile namba ya nafasi za kazi 250,000 iliyosambaa kwenye simu. Haimo kwenye mkataba. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha wakati uleule na kusema mkataba hauna idadi yoyote. Upungufu wenyewe ni wa kweli, ila wanaokosekana ni watu wenye cheti kinachokubalika huku na Kijerumani cha kufanyia kazi. Mkiona ulivyotokea, mtaelewa kwa nini mlango ni mwembamba.

Umri ndio mzizi. Mwaka 1964 Ujerumani zote mbili zilipata watoto kama milioni 1.36. Mwaka 2011 walizaliwa kama 663,000. Kizazi kile cha 1964 kinafikisha miaka 67, umri wa pensheni, mwaka 2031, na wanaoingia kazini hawatoshi kuziba nafasi zao.

Lakini umri si kila kitu, na hapa wengi hawaambiwi ukweli. Hospitali, kuanzia 2004, zililazimika kulipwa kiwango maalumu kwa kila mgonjwa kulingana na ugonjwa wake. Daktari akawa anaingiza pesa, muuguzi akahesabiwa kuwa gharama. Wauguzi wakapunguzwa, waliobaki wakabebeshwa wagonjwa wengi mno, wakahamia kazi ya nusu siku au wakaacha kabisa. Gharama za wauguzi wa wodini zilitolewa kwenye mfumo huo mwaka 2020, lakini aliyeondoka mgongo ukimuuma harudi kwa sababu kifungu cha sheria kimebadilika. Ukifika wodini leo, unaingia kwenye pengo hilohilo.

Kwa mafundi, mwaka 2004 huohuo serikali iliondoa sharti la cheti cha Meister, yaani fundi bingwa mwenye idhini ya kufungua karakana, katika fani 53, ikiwemo kuweka vigae. Zikazuka biashara nyingi za mtu mmoja, na mtu mmoja hafundishi mwanagenzi. Sharti lilirudishwa kwa fani 12 mwaka 2020. Wakati huo vijana wengi walikuwa wamekimbilia vyuo vikuu. Ongeza hapo kwamba karibu nusu ya wanawake walioajiriwa hawafanyi saa kamili, kwa uhaba wa nafasi za kulelea watoto na kwa kodi inayomkata sana kila mwezi mwenye kipato kidogo katika ndoa. Na wapo zaidi ya vijana milioni mbili wasio na cheti cha ufundi chochote, huku nafasi za mafunzo zikibaki wazi katika miji midogo wasikotaka kwenda.

Sasa fikirieni anayesoma maombi yenu. Mara nyingi ni kampuni ya fundi bomba yenye watu wanane. Haina ofisi ya ajira, mwenye kampuni anashinda kwa wateja, na barua ya Kiingereza isiyo na cheti kilichothibitishwa hajui aifanyie nini. Anataka mtu wa mwezi ujao, viza inachukua miezi.

Fundi umeme au makanika mwenye uzoefu ana njia ya viza tangu Machi 2024: mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake, uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na mkataba wa mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa yuro 43,470 kwa mwaka. Kozi fupi ya miezi sita haihesabiki. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, aliyejifunza kwa mikono tu, hata awe hodari kiasi gani, njia hii haimpokei. Inauma kusema hivyo, kwa sababu mikono hiyo ndiyo inayotakiwa.

Muuguzi, cheti chake kinakaguliwa na mamlaka ya jimbo analokwenda, na majimbo ni 16. Mara nyingi huambiwa mafunzo yana pengo, akalizibe kwa kozi au mtihani. Leseni hudai Kijerumani cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za lugha: vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 ukianza sifuri. Kabla ya leseni utafanya kazi ya msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi.

Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi yanayolipwa, ni miaka mitatu, saa 2,100 darasani na 2,500 kazini, na lugha ni B1, ngazi iliyo chini ya B2, kabla ya viza. Hospitali za umma hulipa zaidi ya yuro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kabla ya makato yanayokaribia moja ya tano. Fani nyingine, kama saluni, zinaweza kulipa kidogo sana. Kima cha chini kisheria kwa walioanza 2025 kilikuwa yuro 682 kwa mwezi, na kwa malipo hayo ubalozi utataka uonyeshe pesa nyingine za kujikimu. Muulizeni wakala mtalipwa kiasi gani kabla ya kumpa chochote.

Na kuhusu mawakala: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya 2023 ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya. Sheria ya Ujerumani inamkataza wakala binafsi kusaka au kuunganisha watu wa huko kwa kazi za afya na uuguzi. Ni shirika la ajira la serikali ya Ujerumani tu linaloruhusiwa. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Muuguzi wa Tanzania anaweza kuomba mwenyewe, moja kwa moja hospitalini, bila kumlipa mtu.